Kutu ya Kupakwa

Gari lilifika gereji likiwa mgongoni mwa lori, na kabla halijateremshwa fundi alikwishasikia harufu yake: mkojo wa panya, sponji iliyooza na chuma kilicholiwa. Aliweka chini bomba la rangi, akafuta mikono, akatoka nje kwa mwendo wa mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Fundi huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mpiga rangi wa magari, aliyeachiwa kazi na gereji na marehemu baba yake. Kutu ilikuwa ikimtia kinyaa tangu utotoni. Wenzake waliizoea kama muuza samaki anavyozoea magamba, yeye hakuizoea. Kila alipoikwangua aliisikia ladha yake ulimini, kama amelamba kisu. Akimaliza kazi alioga, akaoga tena, na bado mezani alivinusa viganja vyake, mpaka mumewe akamwambia kwa utani aazime mikono ya jirani ya kulia chakula.

Aliyeleta gari ni mtoto wa mdogo wake wa kiume. Watu walimwita Kale, kwa sababu alikuwa na duka la samani ambamo meza mpya zilipigwa minyororo, zikababuliwa kwa moto na kusuguliwa kwa chai nzito, ili mnunuzi aamini zimekaa nyumbani kwa watu miaka na miaka. Shangazi yake hakuwahi kuchukua hata kigoda dukani humo.

Kale alimwamkia, akazunguka lori huku anatabasamu, akamwomba shangazi alitazame gari vizuri, maana analijua.

Alitazama. Mwanzoni aliona uozo tu. Boneti lilikuwa limebabuka kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Paa lilikuwa na magamba ya kahawia. Rangi ya maziwa ilikuwa imegeuka ya meno ya mvuta sigara, na kwenye maungio ya milango ilitoka malengelenge; alibonyeza moja kwa ukucha, likatoka maji mekundu. Alirudisha mkono haraka.

Kisha akauona mstari. Ulipita ubavuni, chini ya vumbi, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea. Mtu mmoja tu alikuwa akichora mistari namna ile, kwa brashi ya manyoya na pumzi aliyoibana, bila rula. Lilikuwa gari la mkunga wa mtaa wao. Baba yake alilipaka mwenyewe, na yeye, msichana mdogo wakati ule, alijikenulia meno mbele ya mlango wake kama mbele ya kioo.

Alimwuliza Kale anataka lifanyiwe nini. Kale akasema hataki lifanyiwe kitu. Lioshwe, panya watolewe, kisha lipigwe vanishi juu ya kila kilichopo, magamba na malengelenge, libaki hivyo hivyo. Alipitisha kiganja juu ya paa lile taratibu, kama anabembeleza paka, na shangazi yake akageuza uso.

Walibishana wakiwa wamesimama juani. Fundi alisema kutu ni ugonjwa, na kidonda hakipakwi mafuta kikaitwa pambo. Alitaka kulivua gari mpaka bati tupu, kuziba, kulainisha kwa msasa na kulipaka kama lilivyopakwa siku ile. Baba yake, alisema, aliwahi kurudia paa zima la gari la mteja kwa sababu nzi alitua kwenye rangi mbichi. Gari lililochakaa namna hii, kwake, lilikuwa sawa na nguo ya ndani iliyoanikwa barabarani.

Kale alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole jambo ambalo shangazi alikwenda nalo nyumbani.

"Rangi ya babu ndiyo hii, Shangazi. Ukiikwangua, unamkwangua yeye na kumfagia pamoja na vumbi. Utakayopaka itapendeza, lakini itakuwa yako."

Neno hilo lilimkera fundi kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Alichoweza kusema ni kwamba vanishi juu ya kutu yeye hapigi, atafute mwingine. Kale akapandisha vioo vya lori, gari likaondoka na harufu yake.

Mwingine alipatikana. Mjini palikuwa na jamaa aliyeitwa Daktari, ingawa kazi yake ilikuwa kuwatia magari ugonjwa. Alikuwa na ndoo za maji ya chumvi na siki, na akipewa bati zima alirudisha bati lenye kutu kwa muda mfupi tu. Fundi aliposikia gari limepelekwa huko, alikunja uso. Mdogo wake, baba yake Kale, alikuwa dereva mstaafu asiyependa ugomvi. Alimwambia dada yake kwamba gari ni gari, likiwaka na kufika limemaliza kazi yake.

Ni mdogo wake huyo aliyemshawishi waende kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Yalifanyika kwenye uwanja wa shule. Upande mmoja walikuwa wenye magari yanayong'aa, kila mmoja na kitambaa laini mkononi, wakikimbilia kila chembe ya vumbi. Upande wa pili walikuwa wale waliokataza mtu asifute hata kinyesi cha ndege. Pande hizo mbili hazikusalimiana. Fundi alipita upande wa kwanza kwa raha, ingawa mengine yaling'aa kupita kiasi, kama bibi harusi aliyewapa shangazi zake wote zamu ya kumpaka poda. Kisha akavuka upande wa pili, na kwenye kundi kubwa kuliko yote akaliona gari la baba yake.

Ubavu wa kushoto, ambao ulikuwa umesalimika, sasa ulikuwa na kutu. Hakuhitaji kuuliza. Kutu ya kweli huanzia maji yanapotuama, chini na kwenye maungio. Hii ilianzia katikati ya mlango, kama upele uliochorwa kwa makaa. Na juu ya mlango, yakiwa yamesuguliwa yaonekane yamefifia kwa jua, palikuwa na maandishi: TANURI LA ALFAJIRI, MIKATE MORORO. Mstari mwekundu ulifika ukingo wa mlango huo, ukapotea, ukatokea upande wa pili.

Mzee mmoja aliyevaa suti safi alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Alikuwa karani mstaafu, na alikuwa akimsimulia binti yake, machozi yakimlengalenga, jinsi gari hili lilivyoingia mtaani kwao asubuhi, jinsi walivyolikimbilia, na jinsi harufu ya mkate ilivyobaki njiani hata likishapita. Watu walimrekodi kwa simu. Kale alisimama kando, kichwa ameinamisha kama yuko msibani.

Fundi alimshika Kale mkono wa shati, akamvuta mpaka nyuma ya gari.

"Tanuri hili lilikuwa wapi?"

Kale alitabasamu. "Popote wanapolikumbuka, Shangazi."

"Hili lilikuwa gari la mkunga."

"Nani atapiga picha gari la mkunga? Mkate kila mtu anaupenda."

Ndipo fundi alipomwambia, kwa sauti ya chini, kwa sababu mdogo wake alikuwa karibu. Mama yao alishikwa na uchungu ukamshinda, nyumba nzima ikaanza kulia kabla ya wakati, na mkunga akaja na gari hili kwenye matope. Aliyezaliwa siku ile alikuwa ndiye baba yake Kale. Baba yao hakujua namna ya kushukuru, ila kwa kazi ya mikono yake; alilichukua gari akalipaka rangi ya maziwa, na mwisho akachora mstari ule, akamrudishia mwenyewe.

Tabasamu la Kale lilififia. Alisema hakujua, na kwamba shangazi alipaswa kumwambia.

"Hukuuliza," alisema fundi. "Ulikuwa unapapasa kutu."

Lakini watu walimwita Kale aje apigwe picha, naye akaenda. Fundi alimtazama karani mstaafu. Alikuwa amekwishapanga maneno ya kumwambia. Alipoona uso ule uliofurahi, maneno yakamkauka. Akapita kimya. Hapo ndipo kinyaa kilipomzidi, kwa kuwa sasa na yeye alikuwa ameufunika uongo ule kwa mkono wake. Alifika kwenye ukuta wa nyuma wa uwanja, akatapika chai ya asubuhi, na mdogo wake akamshikia mkoba akidhani ni jua.

Kazi ya Daktari haikusubiri mtu aiumbue. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya kwenye maungio, na vanishi iliyopigwa juu iliyafungia humo, yakawa yanakula bati polepole. Mvua zilipoanza, mke wa Kale alipanda gari wakienda kutembelea watu, akakanyaga kwa nguvu wakati wa kona, mguu ukatoboa sakafu ukatumbukia kwenye dimbwi. Alishuka katikati ya barabara na kiatu kimoja. Alimwambia mumewe achague kati ya vitu viwili, na cha pili hakukitaja.

Gari likarudi kwa shangazi. Safari hii Kale hakutabasamu. Fundi alichukua bisibisi akaidunga sakafu. Iliingia kama kwenye mkate uliolowekwa. Alipoinama chini, vipande vya kahawia vilimdondokea kwenye nywele, akasimama kwa kuruka, akajikung'uta mwili mzima. Alitaka kumfukuza mtoto yule pamoja na mzoga wake. Ila ubavu wa kulia ulikuwa umeelekea dirishani, na kwenye mwanga ule mstari ulionekana wote, bila kukatika.

Alikubali kwa masharti. Atakata bati lote lililooza, atachomelea jipya, na tumbo la gari atalipaka rangi nzito ya kuzuia maji. Vanishi itatoka. Rangi ya baba yake iliyobaki haitafunikwa wala kuondolewa. Na kutu ya Daktari na yale maandishi, Kale atayatoa mwenyewe, kwa mikono yake, akianza siku hiyo hiyo.

Kale aliuliza kama hiyo ina maana wamekubaliana kuhusu rangi ya zamani.

"Hatujakubaliana. Nikiitazama nasikia kichefuchefu," alisema shangazi yake. "Lakini ulisema ni yake, na hilo sikuweza kulikataa. Hayo mengine ni yako na Daktari wako. Chukua kitambaa."

Kale alisugua kwa dawa laini ya kung'arishia, kila siku akitoka dukani, mpaka vidole vikamvimba. Tanuri lilianza kutoka, kisha Alfajiri, kisha mikate. Chini yake ilitokea rangi ya maziwa, imechoka lakini ipo. Kilichokosekana ni mstari. Daktari alikuwa ameukwangua kwenye mlango wote ili maandishi yapate nafasi, na kilichokwanguliwa hakirudi. Fundi alipopaona pale patupu alikaa juu ya kopo la rangi.

Kale alimwomba auunge. Alijua kwamba mkono wa shangazi unaweza. Brashi ya babu ilikuwa bado inaning'inia ukutani.

"Naweza," alisema fundi. "Lakini nikiuunga, na mimi nitakuwa Daktari."

Pengo likaachwa.

Siku ya kuchukua gari Kale alikuja na mtu. Alikuwa karani mstaafu, katika suti ile ile. Kumbe tangu maonyesho alikuwa akipita dukani kuulizia lini atapandishwa gari la mikate, na Kale ameshindwa kuendelea kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimleta gereji amwambie ukweli mbele ya shangazi. Alimweleza yote pale pale, kwa kigugumizi: kwamba tanuri halikuwapo, kwamba maandishi aliyatunga yeye, kwamba gari lilikuwa la mkunga, na kwamba anaomba radhi.

Mzee alisikiliza kwa adabu. Kisha alisogea mpaka kwenye mlango, akaupapasa mahali maandishi yalipokuwa, akanusa vidole vyake. Alipogeuka hakumtazama Kale. Alimtazama fundi, tangu ovaroli lake mpaka viatu vyenye madoa, kwa uso ambao fundi aliujua vizuri, kwa sababu ndio aliokuwa akiitazamia kutu maisha yake yote.

"Mmeyafuta," alisema mzee. "Nyinyi mafundi hamwezi kuona kitu cha zamani mkakiacha."

Kale alianza kueleza tena tangu mwanzo, lakini mzee alikwishavaa kofia. Alisema yeye anajua alichokinusa utotoni, hahitaji kufundishwa, akawatakia mchana mwema, akatoka akikanyaga kwa uangalifu kati ya makopo, suti isiguse kitu.

Walibaki wawili. Kale aliuliza kama wamfuate. Shangazi yake akasema wamwache, na kwamba angetamani maandishi yale yangekuwa ya kweli, kwa ajili ya mzee yule peke yake, na kwamba kutamani hivyo kunamchefua. Kisha akamwambia awashe gari asikie sakafu kama inalia. Haikulia. Mdogo wake, aliyefika wakati huo kurudi na mwanawe, alipanda kiti cha mbele, akamwita dada yake apande nyuma wazunguke mtaa mmoja tu.

Alikataa. Alisema anafurahi limepona, lakini kuliketia hawezi. Alisimama mlangoni mpaka walipokata kona, akaingia ndani, akachukua msasa, na kuendelea na gari la mteja mwingine.