Taarifa ya Njia Haikuja

Hayes nzima, mtaa wetu huku London, wananiogopa, na si kwa ubaya wangu. Wananiogopa kwa sababu ndimi ninayetumwa. Mtu akifariki Unguja, Pemba au Maskati, jamaa zake hawampigii simu mwenye msiba. Wananipigia mimi. "Bi Suad, tufanyie hisani, nenda ukamwambie taratibu." Nami najifunga mtandio, napanda basi, naenda. Mtu akifungua mlango akaniona nimesimama na sura ya upole, analia hata sijafumbua mdomo. Siku moja nilikwenda kwa Hayat kuazima sufuria tu, maskini ya Mungu, akaanguka kwenye zulia.

Kazi hii ina utaratibu wake. Humwendei mtu ukamwambia fulani kafa, huo ni ushenzi. Unaanza kwa kumuuliza kama keshakula. Unamuuliza yuko na nani nyumbani. Unamwambia akae kitako. Halafu unamwambia fulani hajambo, ila kapata udhuru kidogo tu. Unaomba maji ya kunywa. Baada ya hapo ule udhuru unauzidisha pole pole mpaka mwenyewe anafika panapotakiwa, na wewe hujatamka neno baya hata moja. Nimeifanya miaka mingi na sijapata kulaumiwa na mtu.

Sasa nina mdogo wangu, Muhsin, tumezaliwa tumbo moja, wawili tu tuliobaki. Alikuwa dereva wa basi, na tangu mkewe alipofariki akawa anakaa kwangu, chumba cha nyuma. Alipostaafu, badala ya kukaa na wazee wenzake wakahesabiana maradhi, akanunua baiskeli. Kila siku yuko kando ya mfereji, mzee mzima kavaa suruali ya kubana. Nikanyamaza. Halafu jioni moja, tunakula, ananambia, "Dada, nahamia Omani." Mtoto wa ami yetu, Matar, anaishi huko kwenye mji mmoja nyuma ya milima, na wamejenga njia ya baiskeli inayopita jangwani.

"Inakwenda wapi hiyo njia?" nikamuuliza.

"Haiendi popote. Inazunguka, inarudi ilipoanzia."

Jamani! Mtu anaacha nyumba, anamwacha dada yake, anakwenda kuzunguka mchangani! Nilipandwa na hasira nikamwambia, "Nenda. Na sitaki kusikia habari yako mpaka ije ya kufa kwako."

Muhsin hajapata kunitii katika maisha yake. Lakini safari hii alijua utii utaniuma, basi akatii barabara. Mwaka mzima hakunipigia simu.

Alichofanya ni kunitia kwenye kundi la wasapu la njia yao bila ya kuniuliza. Kundi linaitwa Habari na Usalama wa Njia. Wengi wao ni watu wa kwetu Unguja, wamerudi huko zamani, na Kiswahili chao bado kitamu. Humo utasikia nani kapoteza kiatu kimoja, mtoto wa nani kafaulu, nani kaokota chupa ya maji ya buluu airudishe. Na kila asubuhi, juu ya yote hayo, inakuja taarifa ya njia. Mwandishi wake ni Muhsin, kajichagua mwenyewe. Anaipita njia yote kabla wenziwe hawajaamka, halafu anaandika:

"Asalaam alaykum. Njia nzuri leo. Mchanga umeingia penye mteremko wa pili, shukeni msukume. Tangi la maji limejazwa. Ngamia wa Bwana Abdulsamad kalala tena juu ya lami. Msimpigie kengele, hapendi. Chukueni chupa mbili, vaeni kofia zenu, na asiende mtu peke yake."

Asiende mtu peke yake, anasema yeye, na yeye anakwenda peke yake kila alfajiri! Nilikuwa nikilisoma hilo naivimbia simu. Lakini sikujibu. Simsemeshi.

Ila sikuwa natoka nyumbani kabla sijaisoma. Nateleka chai, nakaa dirishani, ndege za uwanja wa Hithro zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinalia, nami nasoma habari za mchanga. Ikiwa kaandika upepo mkali, siku hiyo sitamani kula. Wakati mwingine nilijisahau kabisa. Nilimwambia mzungu mmoja kituoni kwamba upepo utatulia mchana na tangi limejaa. Aliitazama ile mvua, akanitazama mimi, akasogea mbele ya foleni. Nimwambie nini? Ile taarifa ilikuwa salamu ya Muhsin kwangu. Ikija, mdogo wangu mzima. Yeye anajua na mimi najua, na kila mmoja wetu na kiburi chake.

Jumamosi moja taarifa haikuja.

Nikateleka chai, ikapoa. Nikaitia moto tena, ikapoa tena. Kwenye kundi watu wakaanza kuulizana, leo vipi njia, mbona kimya? Hakuna anayejibu. Halafu mmoja akaandika: "Njia imefungwa. Kumetokea ajali. Msipande mpaka tukuarifuni." Nikaisoma mara ya pili, na ya tatu.

Mara simu inalia. Matar. Matar hajanipigia simu tangu arusi ya mwanawe.

"Dada Suad, hujambo? Umeamkaje?"

"Sijambo. Kuna nini?"

"Alhamdulillahi. Huko baridi? Umeshakunywa chai?"

Nikasema, bado.

"Kunywa chai, dada. Uko na nani hapo nyumbani?"

Yaa Rabi. Mtu ananifanyia mimi! Mimi Suad, kwa maneno yangu mwenyewe, na mpangilio wangu mwenyewe! Nikamjibu niko peke yangu.

"Basi kaa kitako," anasema. "Usiwe na wasiwasi. Muhsin hajambo. Kapata udhuru kidogo tu." Nikamsikia anakunywa maji. Nyuma yake kukapigwa hodi, sauti za wanaume. "Dada, kuna watu wameingia. Nitakupigia."

Watu wameingia! Mimi nawajua watu wanaoingia nyumba ya msiba. Nikaitupa simu, nikalia kilio ambacho sijalia hata kwa marehemu mume wangu, Mungu anisamehe. Nililia kwa Muhsin, na nililia kwa lile neno langu la jioni ile, kwamba nimeliomba mwenyewe na nimeletewa. Katikati ya kilio akapiga simu Bi Afnan wa mtaa wa pili, anataka kuniuliza bei ya bamia. Nikaiokota, akanisikia, akasema, "Usiseme kitu, Suad, nakuja." Bi Afnan akijua jambo, Hayes imejua.

Aliyefika mwanzo lakini ni Dinah, jirani yangu wa mlango wa mbele. Mkenya, nesi, mtu wa kanisa, mkono mwepesi na mdomo hauna breki. Ndiyo kwanza katoka zamu, na yunifomu mwilini.

"Mama Suad! Ni nini? Nani amekufa?"

"Usiseme hivyo!" nikampigia kelele.

"Sawa, sisemi. Lakini ni nani?"

Nikamsimulia, taarifa haikuja, njia imefungwa, Matar kauliza chai, kauliza niko na nani, kaniambia nikae kitako. Dinah ananisikiliza, amekunja uso.

"Na wewe ulimuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Si umuulize kama Muhsin amekufa."

Nikamtazama. Wallahi katika miaka yote ya kazi yangu hakuna mtu aliyepata kuniuliza hivyo, na mimi halijanipitia akilini kwamba jambo lile linaulizika. "Kwetu hatuulizi," nikamwambia.

"Basi mnajuaje?"

"Tunajua tu!"

"Mama, sisi kwa wodi tunafundishwa kusema neno lenyewe. Ukizungukazunguka, mtu anaenda nyumbani akifikiri mgonjwa amehamishwa kitanda. Leta hiyo simu."

Sikutaka kumpa. Nilikuwa nang'ang'ania simu kama mtoto, kwa sababu mpaka pale hakuna aliyetamka, na mradi hakuna aliyetamka, Muhsin bado yuko. Dinah akanibandua vidole kimoja kimoja, akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Asalaam alaykum, dada Suad," Matar akaanza, "umeshakunywa..."

"Huyu ni Dinah, jirani yake. Pole kwa kukukatiza. Nauliza, Muhsin amekufa ama hajakufa?"

Nikajifunika uso kwa mtandio.

"Astaghfirullah!" Matar akapiga ukelele. "Nani kafa?"

"Ndio nauliza."

"Muhsin? Muhsin huyu hapa anakunywa uji kwa mrija!"

Dinah akaniangalia. Nikawa nacheka na kulia, kamasi zinanitoka, nikaukamata mkono wake nikaubusu, yunifomu na kila kitu.

"Sasa mbona ukamuuliza kama yuko na mtu?" Dinah hajamaliza.

"Nilitaka nimwambie taratibu! Kavunjika mikono yote miwili. Mwenyewe kanisihi, usimshtue dada."

"Na hao watu walioingia?"

"Bwana Abdulsamad na wanawe. Wamekuja kushitaki ngamia wao kashtuliwa, tangu asubuhi hataki kula."

Hapo nikaipokonya simu. Nilimwambia Matar maneno ambayo hayaandikiki. Nilimwambia ujinga wake ungetosha kugawiwa ukoo mzima na ukabaki. Alipoacha kujitetea nikamwambia, "Mpe simu."

"Hawezi kuishika, dada."

"Mwekee sikioni!"

Nikasikia simu inasogezwa. Nikasikia mtu anapumua. Mwaka mzima nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, mabichi na makavu, na sasa hakuna hata moja lililojitokeza.

"Dada," akasema Muhsin.

"Umemgonga ngamia."

"Nilimkwepa. Nikaanguka jiweni."

"Wewe si ndiye unayewaambia wenzio pale pana ngamia? Hukumwona?"

"Nilichelewa kuamka. Nikaona utateleka chai na taarifa haijafika. Basi nikawa naandika huku naendesha. Nilikuwa ndiyo naandika habari zake yeye, yule ngamia, nikainua macho, huyu hapa."

Nilitaka kumtukana. Nilitaka kumwambia, mtu wa usalama gani wewe.

Kengele ya mlango ikalia. Nikaenda kufungua, simu mkononi, macho mekundu, mtandio umekwenda upande. Bi Afnan huyo, na wanawake watatu nyuma yake, na sufuria ya wali, na mkeka kautia kwapani. Nikaona niwahi kabla hawajaanza.

"Karibuni, karibuni," nikawaambia. "Msiwe na wasiwasi. Muhsin hajambo. Kaumia mikono kidogo tu."

Bi Afnan akaweka sufuria chini pale pale. Akashika mlango, akaangua kilio mpaka jirani wa juu akafungua dirisha. Na wenziwe wakamfuata. Nikakumbuka, ya Rabi nisitiri, kwamba habari ya msiba wa mama yake Afnan nilimpa mimi, na nilianza vile vile, mama hajambo, kaumia mguu kidogo tu.

"Mzima nakwambieni! Wallahi mzima!"

"Jikaze, Suad," ananiambia, ananikumbatia. "Mwachie Mungu."

"Afnan, anakunywa uji!"

"Uji wake wa mwisho!" akalia mmoja nyuma, na hata leo simjui ni nani.

Kila nikiapa wanazidi. Dinah akasimama katikati ya ukumbi akasema kwa sauti ya wodi nzima, "Hajakufa!" Wakamhurumia, mtoto wa watu, haelewi mambo yetu. Mmoja akaniletea maji. Wakatandika mkeka, wakaanza kumtaja. Muhsin aliyekuwa akisimamisha basi hata nje ya kituo akiona bibi anakimbia. Muhsin aliyekuwa akibeba mizigo ya watu bila ya kuombwa. Muhsin hakupata kumpandishia mtu sauti.

"Dada," simu ikasema mkononi mwangu. "Nani analia?"

"Bi Afnan na wenziwe."

"Wananililia mimi?"

"Wewe. Nimewaambia mzima, hawanisadiki."

"Waache kidogo," akasema.

Nikaingia jikoni nikafunga mlango. Huko ukumbini wanamsifu, huku namsikia anasikiliza.

"Na wewe, dada? Ulilia?"

Ningeweza kumwambia hapana. Ulimi wangu ulikuwa tayari.

"Nililia."

"Sana?"

"Sana, Muhsin. Nilidhani nimebaki peke yangu. Na lile neno nililokwambia siku ile, nisamehe, sikuwa na maana nalo hata siku moja."

Nikasikia pumzi zinakatika, kisha anavuta mafua, kisha ile sauti ndogo aliyokuwa akiitoa utotoni akijificha chini ya kitanda ili nisijue kama analia. Mikono yote miwili katika plasta, hata ya kujifutia hana.

"Matar!" nikapiga ukelele. "Matar, umesimama tu hapo? Mfute machozi mwenzio!"