Malengelenge Chini ya Shati

Nilifungua vifungo vitatu mbele ya kioo cha bafuni nikayatazama tena: malengelenge yamejipanga ubavuni kama vigingi vya mpaka, yakielekea mgongoni. Miaka thelathini na minne nimepima ardhi za watu. Sasa kuna aliyekuja kunipima mimi, tena bila hodi.

"Bado umo humo?" mke wangu aliuliza mlangoni. "Binti yako yuko njiani na kichanga. Na huo ubavu unaoushikashika una nini?"

"Nimejiunguza na pasi asubuhi. Kidogo tu."

"Wewe pasi umeishika lini?"

Nikafunga vifungo, nikafungua, nikafunga. Kwa miaka tisa utumbo wenye vidonda ulinifanya nijue hatua za kutoka kila kiti hadi kila choo cha mji huu. Kisha nikapewa vidonge vya kuituliza kinga ya mwili, nikaweza kusafiri kwa basi saa nane bila kushuka. Nikisimulia, huwa kumi na sita.

Muuguzi wa kliniki alinionya: "Mzee, kinga ikilala, virusi huamka. Kwa umri wako, ukiona malengelenge, piga simu siku hiyohiyo." Lakini nikipiga, watanipokonya vidonge, nami nirudi kuhesabu hatua.

Nilikuwa sebuleni binti yangu alipoingia, akaninyooshea kichanga cha wiki tatu. "Baba, mpokee mjukuu wako."

Mikono ilikwishatoka yenyewe. Nikairudisha, nikajivuta nyuma mpaka kisogo kikagonga kabati.

"Mtoe nje. Nina mkanda wa jeshi, nitamwambukiza tetekuwanga."

"Baba, na hadithi zako."

Nikapandisha shati. Akatoka na mtoto.

Mke wangu akapiga simu kliniki, akanikabidhi, akasimama mikono kiunoni.

"Yameanza lini?" muuguzi aliuliza. "Usinitilie chumvi, mzee. Dawa ya virusi hivi haitaki kucheleweshwa."

"Juzi. Saa tisa alasiri."

Mke wangu akanigeukia polepole.

"Njoo sasa hivi," muuguzi alisema.

"Na vidonge vyangu? Mtavisimamisha?"

"Sijui. Daktari ndiye ataamua. Njoo."

"Juzi," mke wangu alisema, akipekua droo kutafuta kadi yangu ya kliniki. "Na jana ulikuwa unacheka mezani."

"Kile kicheko kilikuwa cha kweli."

Akaipata kadi, akaitia mfukoni mwangu. Nje ya dirisha binti yangu alikuwa amemwinua mtoto aliyelala mdomo wazi, ili nimwone kabla hatujaondoka.