Kopo la Mama Chachu

Nzi walirudi miezi miwili tu baada ya mazishi, na mzee mfuga kuku alijua wa kuwalaumu: wakubwa. Enzi za marehemu mkewe ungekunywa chai mlangoni mwa banda, kikombe wazi. Siku hizi ukipiga mwayo umeshapata kitoweo.

Sasa bwana afya amebandika karatasi: nzi wasipopungua ndani ya wiki tatu, banda linafungwa.

"Dawa ya vijidudu ya kumwaga sakafuni waliniletea wao baada ya mazishi, kufunga wafunge wao!" alifoka. "Mwenye rungu hakosi neno."

Mtaalamu wa wadudu, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira, alikuwa amechuchumaa akichokoa mbolea kwa kijiti. Mabuu yalijaa tele, meupe, manene.

"Baba, zamani mlitumia nini?"

"Udongo wa mke wangu."

Akamsimulia. Mwaka mmoja mkewe aliona mabuu ya kona moja yamekufa, meusi tii. Akachota udongo wa pale, akaunyunyiza banda zima. Tangu hapo, kila mara kabla ya kuzoa mbolea alijaza kopo moja la kuanzia tena, kama chachu ya mkate. Majirani wakamwita Mama Chachu. Bwana afya alimcheka: "Mama, unatibu uchafu kwa uchafu?" Naye, mkono kiunoni: "Dawa ya moto si moto, mwanangu?"

Mzee alicheka peke yake.

"Alikuwa sahihi," alisema mtaalamu. "Udongo ule una bakteria. Buu likiwala, utumbo unaharibika. Kuku hawadhuriki. Ile dawa ya sakafuni ndiyo iliyowamaliza bakteria hao. Hamkubakiza udongo ule hata kidogo?"

"Hakuna."

"Hata mkavu? Wakikauka wanalala tu, hawafi."

Mzee alitazama pembeni. Chumbani, kando ya kitanda, lilikuwapo kopo la mwisho. Mkewe alilishindilia udongo ukiwa mbichi, na alama za vidole vyake vinne zilikauka humo. Kila asubuhi mzee alifunua, akatazama, akafunika. Katika picha zake zote mama huyu alinuna. Vidole vile ndivyo vilivyokuwa yeye mwenyewe.

Kuku mmoja alipiga chafya. Nzi wakaruka, wakatua palepale.

Akaingia ndani, akatoka na kopo. Mtaalamu alipotaka kulipindua, alimzuia.

"Taratibu, binti. Hili halimwagwi hivyo."

Akaweka vidole vyake kwenye zile alama. Havikuenea. Udongo ukapasuka, ukawa vumbi, akaunyunyiza kona baada ya kona.

Wiki ya tatu bwana afya alikuja, akapekua mbolea kwa koleo. Mabuu meusi, yamekufa. Akabandua karatasi yake.

"Sasa hucheki?" mzee alimuuliza. "Kopo lenyewe hili hapa."

Bwana afya alikunja karatasi, akaenda zake. Neno la samahani wakubwa hawana.

Kabla ya kuzoa mbolea, mzee alijaza kopo udongo mbichi, akaushindilia kwa vidole vinne, akafunika.