Mama Léocadie na Mchunga Majoka

Mama Léocadie hakuwa mtu wa vitabu. Sala za misa alizijua zote bila kusoma, na hizo zilimtosha. Kwa hiyo kila alipomkuta mkamwana wake Domitille amekaa kizingitini na riwaya nene ya Kifaransa, jalada lake lina mnyama mwenye mabawa, na nyuma yake maharage yanashika sufuria, alitikisa kichwa tu na kumhurumia mwanawe.

Lakini mwana huyo, Révérien, ndiye aliyekuwa akivileta vitabu vyenyewe. Alikuwa fundi wa mashine za maboti pale Kalundu, bandari ya Uvira, na kila alipovuka kwenda Bujumbura kutafuta vipuri alipita kwa wauza vitabu vya mitumba akamchukulia mkewe kimoja. Domitille alipenda vile vya falme ambazo hazipo kwenye ramani yoyote, zenye wachawi, mapanga yanayoongea na majoka yanayoruka. Wala hakuvisoma kwa utulivu. Alisoma kama wanaume wanavyotazama mpira.

"Usimufungulie mulango, mujinga weye!" majirani wa mtaa wa Nyamianda walimsikia akifoka peke yake mchana kweupe. "Huyo si wa kufunguliwa!"

Révérien alicheka mpaka akashika ukuta. Kitabu cha mwisho alichomletea kilikuwa na binti wa kifalme aitwaye Orsane, aliyependwa na wanaume wawili. Mmoja alikuwa Mwanamfalme Kelmond, mzuri wa sura, baridi kama jiwe la mtoni, aliyemtukana Orsane kurasa mia nzima. Wa pili alikuwa Tavrel, mchunga majoka wa mfalme, kijana asiye na kitu, aliyelala zizini na kuwalisha wanyama wake kabla hajatia tonge kinywani. Domitille alikuwa upande wa Tavrel tangu ukurasa alimotokea.

"Kama huyu Tavrel angekuja hapa kuposa," Révérien alimwuliza asubuhi aliyoondoka na boti kwenda mji wa Baraka, kusini mwa ziwa, "mimi ningerudi kwa mama yangu?"

"Weye uko kwa mama yako tayari," Domitille alimjibu. "Enda, boti itakuacha."

Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2002. Kesho yake risasi zikaanza kulia milimani juu ya mji. Ilipofika jioni wapiganaji walikuwa wameshuka hadi barabarani, waliokuwa wakiushika mji wakakimbilia upande wa mpaka, na watu wa Uvira wakafanya walichokwisha kujifunza miaka yote ile: waliingia ndani, wakafunga, wakasubiri kujua mkubwa mpya ni nani.

Domitille na mama mkwe wake walibaki wawili katika nyumba ya matofali mabichi, na gunia la unga wa muhogo, na maharage, na maji ya kuhesabia vikombe. Wakati wa mchana mwanga uliingia kwa ufa wa dirisha. Domitille alijikunja chini ya ufa huo na kitabu chake.

"Pfff!" alifyonya ghafla. "Mwanaume asiye na haya!"

Mama Léocadie aliyekuwa akisali rozari alifungua jicho moja. "Nani?"

"Huyu Kelmond, Mama. Amemutukana binti ya watu tangu mwanzo wa kitabu. Sasa mvua imenyesha, amemushika mukono, na binti anasikia magoti yanalegea. Yanalegea kwa nini? Kwa matusi?"

"Binti ni wa kwa nani?"

"Wa mufalme."

"Mufalme hana dada? Shangazi iko wapi wa kumwambia yule mutoto namna wanaume walivyo?"

Domitille alifikiri. Katika kitabu chote hapakuwa na shangazi hata mmoja. "Hakuna shangazi, Mama."

"Basi mutasoma mateso tu," alisema Mama Léocadie, akarudi kwenye rozari yake. Lakini hakufika mbali. Bunduki kubwa ilipolia upande wa mtaa wa Kimanga na vumbi likamwagika kutoka kwenye bati, aliziacha shanga zianguke mapajani. "Anza mwanzo," alisema. "Na usinisomee Kifaransa."

Ndivyo walivyoanza. Domitille alisoma kimoyomoyo kwa Kifaransa, akasimulia kwa Kiswahili, na palipomshinda akatia Kirundi. Mama Léocadie hakuwa msikilizaji wa kunyamaza. Alitaka kujua majoka yanakula nini. Mbuzi, akaambiwa. Mbuzi za nani? Za wananchi. Na wenye mbuzi wanalipwa? Kitabu hakikusema. "Iko kama hapa," alisema, akaomba aendelee.

Kuhusu wachumba hawakupatana hata kidogo. Mama Léocadie alisimama na Kelmond bila aibu. Huyo alikuwa na nyumba. Alikuwa na watu. Maneno makali ya mwanaume, alisema, yanapungua akishapata watoto, lakini harufu ya zizi haitoki.

"Mama! Tavrel ana moyo!"

"Moyo haushikilii bati."

Domitille alikasirika kweli, hasira ya kumpandisha joto masikioni, na katikati ya hasira hiyo akatambua kwamba kwa muda mrefu hakuwa amesikiliza risasi.

Kilichombadilisha bibi huyo ni sura moja ya katikati, ambapo kijiji kinakimbia moto na Tavrel anamkuta kikongwe ameachwa njiani na watu wake. Anamweka juu ya joka, na yeye mwenyewe anatembea kwa mguu pembeni, kwa sababu mnyama amechoka na hawezi kubeba wawili. Mama Léocadie aliupapasa mguu wake. Mwaka wa 1996, Révérien alikuwa amembeba yeye mgongoni kutoka Luvungi, mguu wa mama huyo umevimba, wakati bondeni kote watu walikuwa wakikimbia vita. Domitille aliijua habari hiyo ingawa wakati ule hakuwa ameolewa bado.

"Huyu mutoto," alisema mwishowe, "alilelewa na mama."

Tangu hapo alikuwa wa Tavrel kuliko Domitille mwenyewe.

Ndiyo maana ilikuwa vigumu sana walipofika kwenye vita vya angani. Mshale ulimpata Tavrel begani, akateleza kutoka mgongoni mwa joka, akaanguka katika ziwa la ukungu. Orsane alipiga kelele. Sura ikaisha. Domitille alikitupa kitabu ukutani, akalia kama mtoto, kwa mtu wa karatasi, naye akijua vizuri kwamba halii kwa mtu wa karatasi tu.

"Waliona mwili?" aliuliza Mama Léocadie.

"Alianguka, Mama. Kutoka juu kabisa. Na mushale ndani."

"Nimekuuliza, waliona mwili?"

"Hapana."

"Basi hajakufa. Okota kitabu ya muntu."

Domitille alikiokota lakini hakukifungua. Siku iliyofuata milio ilipungua, watu wakaanza kuchungulia, na mtu wa kwanza kugonga mlango alikuwa Norbert, mchukuzi wa bandarini, rafiki wa Révérien. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Walipoiona kofia hiyo walijua anakuja na nini.

Boti la Baraka, alisema, lilipigwa risasi likiwa njiani. Lilizama. Wavuvi wameokota mbao zake na viatu.

Domitille alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Aliisikia sauti ya mama mkwe wake kama inatoka nyumba ya pili: "Ni nani aliona mwili wa mutoto wangu?"

"Mama, ziwa..."

"Norbert. Weye uliona?"

"Hapana, Mama."

"Basi asante. Keti ule."

Habari ilizunguka. Alasiri jirani yao Candide alikuja na wanawake wengine, mikeka kwapani, kukaa kilio kama desturi. Mama Léocadie alisimama mlangoni akawashukuru mmoja mmoja kwa jina, halafu akawarudisha. Nyumba hii, alisema, haina kilio. Wanawake walitazamana. Candide alimshika Domitille mkono na kumnong'oneza kwamba uchungu unawapotezea watu wazima akili, amwangalie mama asije akajidhuru.

Domitille alibaki katikati. Alitaka kulia, na hapakuwa na ruhusa ya kulia. Alitaka kuamini, na hakuweza. Usiku alilala macho wazi. Mchana, kwa kukosa lingine, alikichukua kitabu tena, akakisoma peke yake hadi mwisho, kwa haraka na kwa woga, akimtafuta Tavrel katika kila ukurasa.

Tavrel hakurudi. Ziwa la ukungu lilimmeza kweli. Orsane alivaa nyeusi kurasa tano, akavua, akaolewa na Kelmond mbele ya falme zote, na mwandishi akaandika kwamba alikuwa na furaha.

"Umemaliza," alisema Mama Léocadie. Alikuwa akipepeta maharage, hakuinua kichwa. "Sema."

Domitille aliwaza kumdanganya. Ingekuwa rahisi, mama hajui Kifaransa. Lakini uongo haukutoka. "Alikufa, Mama. Walikuta pete yake. Na binti aliolewa na yule mwingine."

Ungo ulisimama hewani. Kisha ukaendelea.

"Hiyo ni shauri ya mwandishi," alisema mama mkwe. "Hakutuuliza sisi. Kama angeniuliza, minye ningemwambia." Na baadaye kidogo, kwa sauti ya chini: "Weye, mukamwana wangu, kama ingekuwa vile... ungevua nyeusi, minye nisingekukasirikia. Weye uko mutoto bado. Lakini hatujafika pale. Unanisikia? Hatujafika pale."

Domitille alikwenda akaweka kichwa kwenye magoti yake, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu alipoolewa. Mkono wa mama, wenye vumbi la maharage, ulikaa juu ya nywele zake.

Mji ulitwaliwa tena na wale waliofukuzwa. Ikawa risasi tena, kukimbia tena, kimya tena. Mpaka ulifungwa, kisha ukafunguliwa kwa watu wa miguu.

Révérien aliingia asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, kwa njia ya Kavimvira kutoka mpakani, amevaa suruali ya mtu mwingine mfupi kuliko yeye. Mama Léocadie alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Alimwona akipita kwenye ua wa mianzi, akaendelea kutwanga mara mbili tatu kama mikono haijapata habari, ndipo mchi ukamponyoka. Hakupiga kelele. Alimwendea, akamshika masikio yote mawili, akampapasa kichwa, mabega, mbavu, kama anavyokaguliwa mtoto aliyeanguka mtini. Alipomaliza kukagua akakaa chini mavumbini na kuanza kucheka, machozi yanamtiririka.

Domitille alitoka ndani na kumwona. Hakujua nini kilimpata. Alimrukia mumewe na kumpiga kwa kitambaa cha kufutia vyombo, mgongoni, begani, popote. "Ulikuwa wapi! Weye mwanaume, ulikuwa wapi!" Révérien aliinama akajikinga, naye anacheka na kulia, mpaka kitambaa kikaanguka na mikono yake ikamzunguka shingo, ikakataa kuachia.

Habari aliitoa kidogo kidogo, akila. Risasi zilitoboa boti, mashine ikazima, maji yakaingia. Waliruka na bidoni tupu za mafuta wakazikumbatia. Upepo uliwasukuma ng'ambo ya ziwa, Burundi, na wavuvi wa Rumonge wakawaokota. Alishikwa na homa huko. Kila alipopata nguvu ya kuondoka, mpaka ulikuwa umefungwa.

"Wote mulipona?" aliuliza mama yake.

Révérien aliweka tonge chini. "Mupishi wa boti hapana. Yule wa Kimanga."

"Labda upepo ulimupeleka mbali."

"Minye nilikuwa naye, Mama. Tulimuzika kule."

Mama Léocadie alinawa, akafunga kitenge chake kizuri, akachukua mkeka na kilo ya sukari, akaenda Kimanga kukaa na mke wa mpishi. Domitille alimfuata. Walikaa pale mpaka alasiri, wakalia na wenye kilio, na Domitille alilia machozi yote aliyozuiwa, akashukuru Mungu kwamba yalikuwa na mahali pa kwenda. Njiani kurudi, walipofika kwenye barabara kubwa mama mkwe alimpitishia mkono kwapani, na wakatembea hivyo kama wasichana.

Nyumbani Candide na wenzake walikuwa wamekwisha kujaa uani, na dagaa wa ndakala, na ndizi, na bia ya mtu fulani, wakimtazama Révérien kama kitu kipya cha dukani.

Candide ndiye aliyeuliza. Wakati ule wa kujifungia, alisema, sauti zilikuwa zinapita ukutani. Ni Tavrel gani yule mliyekuwa mnamgombania? Ni ndugu yenu wa bondeni?

Wanawake wawili wa nyumba walitazamana, wakaangua kicheko mpaka Mama Léocadie akashika mbavu. Domitille akaanza kuwaeleza. Alipofika kwenye arusi ya Orsane na Kelmond uani palichafuka. Mmoja alisema binti amefanya vizuri, mfu haleti unga. Mwingine alisema kurasa tano za nyeusi ni matusi. Révérien alitaka kutoa maoni, akaambiwa anyamaze, yeye hakuwepo. Mama Léocadie aliinuka, kidole juu, akatangaza kwamba mwandishi yule hajui kitu, na kwamba kama ziwa ni ziwa basi lina wavuvi, na wavuvi wako na macho.

Domitille alibishana naye kwa sauti kubwa, bila kujizuia, kwa mambo ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Pembeni yake Révérien alikuwa amesinzia akiwa amekaa, kinywa wazi, kichwa kinamwelemea mkewe begani. Kilikuwa kizito. Bega lilianza kufa ganzi, naye hakulisogeza.