Shayad Jikoni kwa Johari

...na kwa nini alilisema, nani alimtuma, neno lake la Unguja, labda, lilikuwa na kasoro gani mpaka ajitie kusema Kiurdu, shayad, tena kwa madaha, kumjibu Bilqis aliyetoka Columbia kuja hapa Sterling, huku huku Marekani, na sinia la halwa kumposea mwanawe Taufiq, na Bilqis akatabasamu, akajifunga mtandio vizuri, na sasa yuko mlangoni anatafuta viatu, anasema kitu juu ya foleni ya barabarani, na Johari huku jikoni kashika birika kama aliyeambiwa alilinde... alitaka kumfurahisha tu, neno kafundishwa na bintiye Safa, ambaye naye kafundishwa na huyo Taufiq wake, akamwambia, Mama, asili yake Kiajemi, zamani lilikuwa na maana ya inafaa, inastahiki, Kiurdu kikalichukua, sasa ni kama labda, it's beautiful, no? na Johari akaona hilo ndilo hasa, maana kwao Mkunazini, kule Unguja, posa haijibiwi siku ya kwanza, binti anayetolewa papo hapo watu husema kwao wamemchoka, wazee huomba muda, wageni hurudi mara ya pili, ya tatu, hiyo ndiyo heshima ya mtoto wa kike, nani asiyejua... Bilqis hajui, na sasa hivi Safa kashuka ngazi mbio, kamnong'oneza, "Mama, umewakatalia. Kwa kina Taufiq that's how they say no," na Johari alitaka kumjibu watarudi, wakimtaka kweli watarudi, lakini Nassor hakurudi, Nassor aliyekuja kumposa yeye Johari, naye akamwona kutoka dirishani anavua viatu, baba akawaambia tutaulizana na wazee, mtaa mzima ukamsifu baba kwa adabu yake, na yeye akaolewa na marehemu baba yake Safa, mtu mwema, Mungu amrehemu, hana la kumlaumu, ila hakuna hata mmoja aliyemuuliza... na huyu Safa mbele yake, macho mekundu, naye vilevile hajaulizwa, na hasira ikampanda Johari, si ya Bilqis, ya adabu yenyewe, na ya wote walioishangilia, basi atatoka aseme ndiyo, wazi, na Mkunazini nzima iseme kamtupa binti, iseme mpaka ichoke, Safa atakuwa kwake anacheka... birika bado liko mkononi, maji hayajachemka, na kule mlangoni Bilqis bado kainama, kiatu kimoja mguuni.