Kiherehere Anapunguza Mbili

Siku ya ukaguzi, chumba cha kompyuta kilipigwa deki mara mbili, na kompyuta yenyewe, iliyokufa zamani, ikafunikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa. Kwa kuwa mashine haikuwaka, mwalimu alifundisha kwa kutumia watoto. Kila mmoja alipewa kadi yenye maagizo, akawa programu mpaka kipindi kiishe. Watoto waliupenda mchezo huo, na kusema kweli, walielewa.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa binti wa fundi cherehani. Wenzake walimwita Kiherehere kwa sababu hakuacha swali limpite. Kadi yake ilisema: nenda ubaoni, ukikuta sifuri, kaa kwenye kiti chako, ukikuta namba nyingine, punguza mbili, zunguka darasa, anza tena.

"Bandu bandu huisha gogo," mwalimu alimweleza mkaguzi, na mkaguzi akacheka kwa adabu.

Kwa kawaida mwalimu aliandika nane. Nane huwa sita, sita huwa nne, na mtoto huketi kabla hajachoka. Lakini mgeni ni mgeni, na kwa heshima aliombwa achague namba mwenyewe. Mkaguzi akafikiri kidogo, akasema saba.

Mwalimu aliliona kosa papo hapo. Kumsahihisha mkaguzi mbele ya watoto kulimshinda, akaandika saba. Kiherehere akaifanya tano, tatu, moja, kisha hasi moja, akaendelea kuzunguka. Mkaguzi alitazama saa yake, akaandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi anafuata maagizo bila kukosea, akaenda zake. Kengele ikalia, wenzake wakabeba mikoba. Kiherehere hakuondoka, kwa sababu kadi haikutaja kengele.

Mama yake alifika jioni, pini za kazini zikiwa bado zimechomekwa kwenye kola. Alimkumbatia binti yake amzuie, wakazunguka pamoja mizunguko kumi na mmoja mpaka mama akaishiwa pumzi. Mtoto hakuchoka. Alikula akitembea, alilala akitembea, na kila alipofika ubaoni alifumbua jicho moja, akapunguza mbili, akalifumba tena. Kesho yake mama alikuwa mlangoni kabla ya mwalimu.

"Mwalimu, mwanangu atasimama lini?"

"Mama, hilo halijulikani."

"Kasema nani?"

"Wataalamu. Wamethibitisha kwamba hakuna njia moja ya kutazama programu yoyote ile na kusema kama itasimama au itaendelea milele."

Maneno hayo ni ya kweli kabisa, na ndiyo maana yalimfaa sana mwalimu.

"Mimi sikuulizi programu zote," mama alisema. "Nakuuliza huyu mmoja. Kila siku nahesabu vifungo viwili viwili, na vikiwa saba lazima kimoja kibaki. Sifuri ameiruka, na sasa anazidi kwenda mbali nayo. Mwandikie kadi nyingine."

Kadi nyingine ingemaanisha ya kwanza ilikwenda kombo, na aliyeipeleka kombo alikuwa mkaguzi. Mwalimu alimwambia mama kwamba kazi ya fundi ni nguo. Akaongeza, kwa upole, kwamba mzazi akigusa ubao, mtoto atafukuzwa shule.

Mama akajikaza kisabuni. Alikuwa na cherehani moja na mtoto mmoja, na huyo mtoto alitakiwa asome.

Miaka mitatu ikapita. Wanafunzi wengine walikunja miguu chini ya madawati Kiherehere apite, wakaendelea na masomo yao. Sakafu ilichimbika mfereji, na wafagiaji wakaona ni nafuu, maji ya deki yalijiendea yenyewe hadi mlangoni. Kila mwaka shule ilimtunuku cheti cha mahudhurio kamili, na mama alikwenda kukipokea kwa niaba yake, akipigiwa makofi. Miguu ya binti ilirefuka. Kila muhula mama alikuja na utepe wa kupimia, akamfuata nyuma huku pini zikiwa mdomoni, akashusha upindo wa sketi bila kumchelewesha. Aliichukia shule ile kwa moyo wake wote, na sare zake ndiye aliyezishona.

Kisha mwalimu akapandishwa cheo kuwa mwalimu mkuu, kwa kuwa ripoti ya mkaguzi ilikuwa nzuri mno. Siku ya sherehe shule nzima ilitoka uwanjani kumpigia makofi. Mama alikuja na pini zake, akakuta darasani hamna mtu ila binti yake.

Heri nusu shari kuliko shari kamili, aliwaza. Na afukuzwe, mradi afukuziwe nyumbani.

Alichukua dasta, akafuta namba yote, hasi milioni sita na laki tatu na ushei. Akaandika sifuri moja, kubwa, ya mviringo mzuri kama wa kiuno cha sketi. Akavuta kiti cha binti yake, akakipangusa vumbi la miaka mitatu.

Kiherehere alifika ubaoni. Aliitazama sifuri, akakitazama kiti, na magoti yake yakaanza kukunjika.

"Kaa, mwanangu. Kadi inasema ukae."

"Huu si mwandiko wangu, mama."

"Sifuri ni sifuri. Kaa!"

"Huko ni kuibia," binti alisema, bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mgeni avue viatu. Akanyoosha magoti. Akaifuta sifuri kwa kiganja, akaiandika upya ile namba ndefu kwa kichwa, akianza na alama ya hasi kama alivyofundishwa. Akapunguza mbili, akaenda.

Mama alikaa yeye kwenye kile kiti, akalia kwa sauti. Uwanjani walikuwa wanashangilia, hakuna aliyemsikia. Mzunguko uliofuata, binti alimgusa bega akipita.

"Usilie, mama. Bandu bandu. Naona nimekaribia."

Mama akapangusa pua, akatia pini mdomoni, akasimama amfuate. Upindo wa mwaka ule ulihitaji kushushwa vidole vitatu.