Sentimita Nne

Mama mdogo aliingia ofisini na utepe wake wa ushonaji shingoni, akawapita wateja wawili waliokuwa wakisubiri tiketi, akaenda moja kwa moja kwenye ramani ya Asia iliyo ukutani.

"Shika hapa, mwanangu."

Nikashika. Kidole changu kilikuwa kwenye mji ambako binti yake ni muuguzi. Chake kwenye mji ambako mwanawe wa kiume anaendesha winchi.

"Sentimita nne," akasema. "Pindo la pazia ni pana kuliko hapo. Na mwaka wa sita huu hawajaonana!"

"Ni kilomita elfu mbili na ushei, mama mdogo. Ramani ni kama nguo iliyofuliwa ikarudi."

"Usinifundishe nguo. Nipe ratiba."

Akasoma kwenye kompyuta yangu: ndege inaondoka saa mbili asubuhi, inafika saa tatu. Kabla sijafungua mdomo, simu yake ilikuwa inamwita mwanawe, sauti ameifungulia ofisi nzima.

"We mtoto muongo! Unaniambia kwa dada yako ni mbali, kumbe saa moja! Foleni ya benki tu inanila zaidi ya hapo!"

Kaka akacheka. "Mama, ni saa tatu angani. Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili."

Mama mdogo akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kwa hiyo ukienda, unaongezewa saa mbili za kukaa naye?"

"Nikirudi wananinyang'anya."

"Ukirudi ni shauri lako."

"Mama, napumzika siku moja kwa wiki. Nikienda na kurudi, ukitoa foleni, nabaki na saa tano."

"Mimi nimeomba ngapi? Damu nzito kuliko maji, baba, lakini nayo ikikaa sana huganda."

Mteja mmoja akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Ijumaa," kaka akasema. Kisha akaniambia mimi, "Nikatie tiketi, dada."

Ijumaa hiyo mama mdogo alikikalia asubuhi nzima kile kiti cha wateja, soli zake zikigonga sakafu kama yuko kwenye cherehani. Mchana picha ikaingia: wawili hao kwenye benchi nje ya uwanja wa ndege, bega kwa bega, kaka amefumba macho. Mama mdogo akavua utepe shingoni, akauweka juu ya kioo cha simu, kati ya mabega yao.

"Hapapiti hata sindano."

Nilidhani sasa ataondoka. Akainuka, akarudi kwenye ramani, akabana mwanzo wa utepe kwenye mji wa binti yake, akaukunjua kuja upande wetu wa Afrika: ukavuka bahari, ukatoka kwenye fremu, ukaishia kwenye rangi tupu ya ukuta.

Hakuisoma namba.

"Shika hapa, mwanangu," akasema.